Usiuruke Ubeti wa Pili: Mwongozo Kamili wa Kusikiliza Mashairi ya Bongo Fleva

Shangazi yangu hupinda kanga barazani kwake Ngamiani, Tanga, cherehani ya mkono mbele yake na redio pembeni. Siku moja nimekaa naye, ukapigwa wimbo wa mapenzi ambao nilikwisha kuusikia mara zisizo na idadi: kwenye daladala, kwenye harusi, kwenye simu za watu. Nikaubeza. Nikasema vijana hawa hawana jingine, ni mapenzi tu na machozi, leo umeniacha, kesho nirudie. Shangazi akalishika gurudumu la cherehani kwa kiganja, likasimama.

"Hebu nyamaza, mwanangu. Huyu hasemi na mpenzi. Anasema na mama yake, na mama yake keshakufa."

Ushahidi wake ulikuwa neno moja lililokaa kwenye ubeti wa pili: mbeleko. Mwimbaji alikuwa anaomba arudishwe kwenye mbeleko. Mimi neno hilo lilinipita masikioni miezi yote kama pambo la kutafutia kina. Lakini nani humbeba mpenzi kwa mbeleko? Nilipousikiliza tena, kila sentensi ilikuwa imehama mahali pake. "Umeniacha" haikuwa lawama tena. "Nirudie" lilikuwa ombi ambalo mwenye kuliomba anajua halitajibiwa.

Tangu siku hiyo nasikiliza kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio ninaouandika hapa. Nimeuandika kwa ajili ya Bongo Fleva kwa sababu ndio muziki ninaoishi nao, na ndio unaohukumiwa kwa kiitikio chake peke yake. Watu wanakijua kiitikio, wanacheza, wanasema hamna kitu. Ubeti wa pili hawajawahi kuusikia, maana unapofika wanaongea.

Dharau yenyewe si ngeni. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, kwenye familia duni ya wafinyanzi. Alipoingia mjini na kuanza kuimba, walikuwepo waliomtungia beti za kumcheka: katoka shamba na kaniki, uzuri hana, kama si sauti angekula nini. Akawajibu kwa ubeti vilevile, kwamba sura na ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Leo anasomwa kwa heshima. Miaka ya 1990 vijana wa Dar es Salaam walipoanza kuchana, yaani kurap, kwa Kiswahili, wakaambiwa wanapiga muziki wa kihuni. Wazee wetu walikuwa na masikio mazuri kabisa, hawakuyategesha tu.

Hatua ya kwanza: chagua wimbo mmoja, na uwe ule unaoudharau

Usianze na wimbo ambao kila mtu anausifia kwa ujumbe. Huo umekwisha kufasiriwa, utaishia kurudia ya wengine. Chukua ule ambao kiitikio chake unakijua bila kupenda, uliokukera kwa kupigwa mno. Kaa nao wiki moja. Wimbo mmoja kwa wiki nzima unatosha. Ukichukua kumi utarudi kulekule kwenye kusikia juujuu.

Hatua ya pili: yaandike maneno kwa mkono wako

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapokata tamaa. Tafuta daftari na spika za masikioni. Piga sekunde kumi au kumi na tano, simamisha, andika ulichosikia. Rudi nyuma, hakikisha, endelea. Wimbo wa dakika tatu na nusu utakuchukua saa nzima, pengine zaidi.

Usichukue maneno yaliyokwisha kuandikwa kwenye intaneti. Mengi yameandikwa na watu waliokuwa na haraka, au na programu isiyojua Kiswahili. Nimewahi kukuta "namuenzi" imeandikwa "namweza", na kwa herufi hizo chache mtu anayemkumbuka marehemu wake kwa heshima akageuka mtu anayemweza mpinzani. Isitoshe, mkono unapoandika unakulazimisha uamue: amesema "nimekuzoea" au "nimekupotea"? Ukishaamua, umeanza kufikiri.

Usilolisikia liachie nafasi wazi, kisha nenda kaulize. Kwa maneno ya mtaani muulize dereva wa bodaboda kijiweni kabla hujafungua kamusi. Wimbo wa Nairobi wenye Sheng ya Dandora unahitaji mtu wa Dandora, na awe wa rika la mwimbaji, kwa sababu Sheng ya miaka kumi iliyopita si hii ya leo. Wimbo wa Zanzibar wenye maneno ya pwani mpelekee mtu mzima wa pwani. Utashangaa jinsi watu wanavyofurahi kuulizwa.

Hatua ya tatu: nani anasema, na anasema na nani?

Kiswahili kinampa mtunzi kitu ambacho baadhi ya lugha hazina. "Ananipenda" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. "Wewe" anaweza kuwa mpenzi, mama, Mungu, mji, pombe, hata serikali. Mtunzi mzuri anajua hivyo na anakiacha kiti hicho wazi makusudi, kila msikilizaji amkalishe anayemjua yeye.

Kwa hiyo pita kwenye daftari lako na kalamu ya rangi nyingine. Piga mstari chini ya kila "wewe" na kila "yeye". Halafu tafuta neno ambalo haliwezi kumhusu mpenzi. Mara nyingi ni neno la nyumbani, kama mbeleko, ada ya shule, uji, kitanda cha wodini. Huwa linawekwa ubeti wa pili, kwa sababu ubeti wa kwanza bado unakukaribisha ndani. Ukilikuta, rudi mwanzo usome upya.

Angalia pia pale anayeambiwa anapobadilika. Mwimbaji anaanza kwa kumwambia mpenzi, katikati anageuka kuwaambia majirani, mwishoni anajisemea mwenyewe. Hii ni njia ya taarabu tangu zamani: maneno yanatamkwa kumwelekea mmoja na kumfikia mwingine aliyeketi pembeni. Waliokulia kwenye shughuli za pwani wanajua kwamba mtu akiinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa wakati wa ubeti fulani, ubeti huo ameuchukua kuwa wake na kumtumia mtu.

Hatua ya nne: hesabu mizani

Ili tusibaki kwenye maelezo matupu, nimetunga ubeti wa mfano, wa namna ambayo ungeusikia kwenye wimbo wa mapenzi wa kawaida kabisa. Mwimbaji yupo Magogoni, Dar es Salaam, upande wa mjini, anangoja pantoni la Kigamboni.

Kivuko kimeondoka, nami bado nipo geti,
Mkononi nimeshika, zetu wawili tiketi,
Ulisema utafika, nikutunzie na kiti,
Simu imeshazimika, nami nazimika eti.

Usome kwa sauti, ukigonga meza kwa kila silabi. Ki-vu-ko-ki-me-o-ndo-ka: nane. Na-mi-ba-do-ni-po-ge-ti: nane. Kumbuka "m" ya "mkononi" inasimama peke yake na kuhesabiwa: m-ko-no-ni, nne. Mishororo yote minne ina mizani, yaani silabi, kumi na sita kila mmoja, kina cha kati ni -ka, cha mwisho ni -ti. Ni umbo lilelile la shairi tulilofundishwa shuleni, limevaa nguo za mjini.

Nyimbo halisi hazitakuwa safi hivi. Bongo Fleva imezaliwa na michano ya Kimarekani, taarabu, dansi na mengine mengi, na biti inaruhusu mwimbaji kuvuta silabi moja mahali pa tatu au kubana tano mahali pa mbili. Lakini hesabu hivyohivyo. Ukikuta mshororo mmoja umepungua wakati wenzake wamekamilika, simama hapo. Huenda mtunzi alishindwa. Huenda pia amemwachia mtu anayelia nafasi ya kuvuta pumzi, na ukisikiliza rekodi utaisikia pumzi yenyewe.

Kwa wachanaji, vina hutembea kwa namna nyingine. Haviketi mwisho wa mstari peke yake. Vinajificha katikati na kuvukia mstari unaofuata. Zungushia kila sauti inayojirudia, uunganishe kwa mistari. Ukurasa utafanana na wavu. Mchanaji hodari utamjua kwa jinsi maana inavyobaki imenyooka ndani ya wavu huo, bila neno hata moja lililoitwa kwa ajili ya kina tu.

Hatua ya tano: sikiliza vitenzi

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sijui kwa nini hatufundishwi hivi. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mtu, wakati, mtendwa na kauli katika neno moja. Kwenye wimbo wa maneno mia mbili, hapo ndipo akili ya mtunzi inapoonekana.

Rudi kwenye pantoni. "Kimeondoka": limetokea, na hali yake ipo bado. "Nimeshika": alishika na mpaka sasa hajaachia. "Ulisema" imefungwa na -li-, ni jana iliyokwisha. "Utafika" ni kesho, lakini kesho iliyofungiwa ndani ya jana, maana ni ahadi iliyosemwa zamani. "Imeshazimika": hakuna tena. Kisha linakuja la mwisho, "nazimika". Ndicho kitenzi pekee kinachoendelea kutendeka wakati huu anapoimba. Kila kitu kimekwisha isipokuwa hicho.

Na kitenzi chenyewe kina sura mbili. Simu inazimika, imekufa chaji au imezimwa. Mtu naye anazimika, kwa lugha ya mtaani, maana yake amependa hadi hajiwezi. Neno lilelile linakata mawasiliano ya mmoja na kufunga moyo wa mwingine. "Eti" ya mwisho ni mshangao wa mtu anayejiona mwenyewe akiendelea kupenda mbele ya geti lililofungwa. Tazama pia "zetu". Mwenzake hakuja, simu haipatikani, lakini tiketi bado ni zetu. Hakusema zangu.

Sasa ingia kwenye nyimbo unazozijua ukatafute kauli. "Napenda", "napendwa", "tunapendana", "napendelea" si kitu kimoja, na mtunzi anayehama kutoka "tunapendana" ubeti wa kwanza kwenda "nakupenda" ubeti wa tatu amesimulia kuachwa bila kutumia neno kuachwa. Tafuta "-ka-", inayosukuma kisa mbele: nikaenda, nikamkuta, nikanyamaza. Tafuta "-ngeli-" na "-ngali-", ambapo majuto yote ya Kiswahili yamekaa.

Kisha chukua neno moja la mtaani ulitafune polepole. Mimi nilikaa siku nzima na "kutendwa". Vijana husema "nimetendwa" wakimaanisha wameumizwa na mpenzi. Kutenda ni kufanya, basi. "Nimetendwa" haimtaji aliyetenda wala kilichotendwa. Kimebaki kile cha kufanyiwa. Aliyelianzisha alilifahamu lile jambo ambalo mwenye maumivu hawezi kulitamka, akamstahi kwa kulinyamazia. Au chukua "mchepuko". Kuchepuka ni kuacha njia kuu na kushika ya pembeni, na mpenzi wa pembeni akapewa jina la hicho kinjia. Anayeimba kuhusu mchepuko anaimba kuhusu safari, hata kama hakutaja barabara, na mara nyingi ukisikiliza vizuri utakuta barabara ameitaja.

Hatua ya sita: jaribu kukiandika kiitikio kwenye kanga

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina ni yale maneno ya chini, kama "Japo sipati tamaa sikati". Lazima liwe fupi, lisimame lenyewe, na limchome anayehusika huku wengine wakiona nguo tu.

Chukua kiitikio cha wimbo wako ukiulize swali hili: mwanamke angekinunua hiki dukani akajifunga, akapita nacho mbele ya mtu fulani? "Kivuko kimeondoka, nami bado nipo geti" nadhani ingenunuliwa. Dada aliyekawia kuolewa akisemwa na mawifi angeivaa kwa namna yake. Mstaafu anayefuatilia mafao dirisha hadi dirisha angemnunulia mkewe. Kiitikio kinachofaulu jaribio hili kina fumbo, hata kikiwa na maneno matano. Kikishindwa, usikitupe bado. Pengine kazi yake ni nyingine.

Kwa maana kuna viitikio vinavyosema kitu kilekile mara tano na kila mara kikawa kitu kingine. Mfano wangu wa siku zote ni "Ndiyo Mzee" wa Profesa Jay, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mgombea yupo jukwaani, anaahidi, na umati unajibu maneno hayo mawili. Ahadi zinavyozidi kupaa, jibu halibadiliki, na ndiyo ya mwisho inatisha kwa jinsi inavyofanana na ya kwanza. Umati umekuwa mhusika, na umehukumiwa bila kutukanwa. Mwaka 2015 mtunzi huyohuyo, Joseph Haule, alisimama kwenye majukwaa halisi na kuchaguliwa mbunge wa Mikumi. Usikilize leo ukijua hilo.

Kwa wimbo wako, andika pembeni ya kila kiitikio jambo lililosemwa muda mfupi kabla yake. Utaona kama kinageuka au kinazunguka tu palepale.

Hatua ya saba: rudi kwenye sauti

Mashairi haya yametungwa kwa ajili ya koo. Daftari likishajaa, sikiliza wimbo mzima mara moja ukilifuata kwa kidole. Tia alama pale sauti inapopanda, inapokatika, biti inapoondolewa neno likabaki uchi. Watayarishaji wa studio ni wasomaji wa kwanza wa mashairi. Wakikata ngoma kwenye neno fulani wanakuonyesha walichokisikia wao.

Kwa singeli, huu muziki wa mbio uliotoka uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale, Mburahati, fanya kitu kimoja cha ziada: punguza kasi kwenye simu yako hadi robo tatu, au hata nusu. Kinachoitwa makelele kitafunguka kuwa hadithi za kodi ya nyumba, mkopo wa kausha damu wenye riba kubwa, mama mkwe, na rafiki aliyebadilika baada ya kupata. Kisha rudisha kasi yake. Mbio zile ni sehemu ya maana. Mtu anayedaiwa haongei polepole.

Hatua ya nane: jiruhusu kukataa

Nyimbo tupu zipo, na ni nyingi. Dalili zake nimezizoea: kina kimevutwa kwa nguvu hadi neno limepoteza maana, ubeti wa pili ni wa kwanza uliogeuzwa, hakuna kitu cha kushikika, hakuna tiketi, hakuna mbeleko, ni moyo na machozi ambayo yangeweza kuwa ya yeyote. Ukikuta hivyo, funga daftari bila kinyongo.

Zipo pia zilizotungwa kwa ufundi mkubwa na zinawadhalilisha wanawake. Hizi zinanisumbua zaidi. Usizitetee kwa kuwa vina vyake ni vizuri, na usijifanye hukuona vina. Andika yote mawili kwenye ukurasa mmoja, yakae pamoja.

Hatua ya mwisho: msomee mtu bila muziki

Zima kila kitu. Chukua daftari, umsomee maneno mtu mzima anayekipenda Kiswahili na asiyeujua wimbo huo. Usimwambie ni wa nani wala ni wa mwaka gani. Soma taratibu kama unavyosoma barua ya mtu mwingine. Usimtazame usoni ukitafuta sifa. Tazama mikono yake, uone inasimama wapi.

Mimi humsomea shangazi. Ule ubeti wa pantoni nilimsomea wiki iliyopita, akiwa anatia uzi kwenye sindano. Alinyamaza hadi "zetu wawili tiketi", akaushusha uzi mapajani.

"Isome hiyo ya tiketi tena," akasema.